Hofu Haipendi Kurudiwa: Nilivyosoma Maoni ya Wachezaji wa Hadithi Yenye Miisho Mitano

Katika maoni ya mwanzo niliyoyapokea kuhusu mchezo wangu, mchezaji mmoja aliandika kwamba alilazimika kuwasha taa zote kabla ya kuendelea, na kwamba sauti iliyosikika kwenye kanda ya mwisho ilimfanya avue vipokea sauti vyake na kukaa kimya kwa muda. Mwingine, ambaye kwa dalili zote alikuwa msomaji makini kuliko wa kwanza, aliandika kwamba mchezo unachosha, hautishi hata kidogo, na kwamba alipofika katikati alikuwa akibonyeza tu ili maandishi yapite. Ukiyasoma maoni haya mawili kwa haraka utadhani ni suala la tabia za watu, kwamba mmoja ana moyo mwepesi na mwingine ana moyo mgumu. Nilipowauliza wote wawili walikuwa wamefikia mwisho upi walipoandika, maneno yao yakapata maana nyingine kabisa: wa kwanza alikuwa amemaliza mchezo mara moja tu, na wa pili alikuwa akiusaka mwisho wa tano.

Tangu hapo siyapimi maoni yoyote kuhusu mchezo wa aina hii kabla sijajua mwandishi wake amepita njia ipi. Kwa wasiouzoea, huu ni mchezo wa kusomwa, yaani riwaya ya taswira: maandishi hutokea sehemu ya chini ya skrini, nyuma yake kuna picha za mahali na za wahusika, muziki na sauti huambatana na matukio, na kila baada ya muda mchezaji hupewa machaguo mawili au matatu yanayoipeleka hadithi upande huu au ule. Hadithi yangu inamhusu mhifadhi wa kanda za sauti anayefanya kazi zamu ya usiku katika jengo la nyaraka. Kazi yake ni kusikiliza kanda kuukuu na kuandika yaliyomo, na usiku mmoja anakuta kanda yenye sauti yake mwenyewe, ikisimulia mambo ambayo bado hajayatenda. Miisho ni mitano. Katika mmoja anatoka salama bila kujua lolote, katika mwingine anajua kila kitu na hatoki, na mitatu iliyobaki imetawanyika kati ya ncha hizo mbili.

Nadhani karibu malalamiko yote kuhusu michezo ya kutisha yenye miisho mingi yanatokana na mgongano mmoja. Hofu hutegemea kutojua. Mlango uliofungwa hutisha kwa sababu msomaji hajui kilicho nyuma yake, na akishakijua, hata kama ni kibaya kuliko alivyowaza, mlango ule hauwezi tena kumtisha kwa namna ileile. Miisho mingi, kwa upande wake, humtaka mchezaji arudi kwenye mlango uleule mara ya pili, ya tatu na ya nne, akiwa na macho ya mtu anayetafuta tofauti. Mtunzi anayemwahidi mchezaji kwamba ataogopa, na papo hapo akamwahidi kwamba kuna mengi ya kurudia, ametoa ahadi zinazokulana, na maoni ya wachezaji ndiyo kumbukumbu ya pale zilipoanza kulana.

Tatizo hili lina umri sawa na aina yenyewe. Mwaka 1992 kampuni ya Chunsoft ya Japani ilitoa Otogirisō kwa mashine ya Super Famicom, hadithi ya kutisha ambayo kila iliporudiwa ilifungua machaguo mapya, na mwaka 1994 ikatoa Kamaitachi no Yoru, hadithi ya mauaji katika nyumba ya wageni iliyozingirwa na theluji. Katika hii ya pili, msomaji asiyemtambua muuaji mapema hushuhudia wenzake wakifa mmoja baada ya mwingine, na saa ya kumtaja ikifika hutakiwa kuandika mwenyewe jina la mtu anayemshuku. Ninachokipenda katika mpangilio huo ni kwamba kurudia hakuna sura ya adhabu. Aliyeshindwa hurudi na ushahidi alioulipia kwa vifo, na hofu inapopungua, hamu ya kumkamata mtu hushika nafasi yake. Hata wahusika walichorwa kama vivuli vya rangi ya samawati visivyo na nyuso, kwa hiyo anayerudia hana sura aliyokwisha kuizoea.

Kuna michezo iliyojifunza jambo hilo kwa kuzunguka. Nine Hours, Nine Persons, Nine Doors, uliotoka kwa mashine ya mkononi ya Nintendo DS mwaka 2009, ulimtaka mchezaji aanze tangu mwanzo kila alipotaka njia nyingine. Maandishi aliyokwisha kuyasoma aliweza kuyaharakisha, lakini mafumbo aliyokwisha kuyafumbua ilimbidi ayafumbue tena. Mchezo uliofuata katika mfululizo huo, mwaka 2012, ulikuja na ramani ya matawi inayomruhusu mchezaji kuruka moja kwa moja hadi kwenye njia panda anayoitaka, na ule wa kwanza ulipotolewa upya mwaka 2017 nao ukapewa ramani kama hiyo. Sina ugomvi na ramani ya matawi, lakini kwa hadithi ya kutisha ina gharama yake, kwa sababu inamwonyesha mchezaji ukubwa wa giza analotembea ndani yake. Ukishaona kwamba umebakiwa na visanduku viwili tupu, unajua kwamba kuna mambo mawili tu yanayoweza kukupata.

Kwa sababu hiyo mchezo wangu hauna ramani, na kwa sababu hiyohiyo malalamiko mengi kuliko yote yalihusu kitufe cha kuruka maandishi.

Hapa inanibidi nieleze kidogo jinsi mambo yanavyofanya kazi ndani. Nilitumia Ren'Py, programu iliyoanzishwa na Tom Rothamel mwaka 2004, ambayo idadi kubwa ya riwaya za taswira hutengenezwa kwayo. Kwa kawaida kitufe chake cha kuruka hupitisha kwa kasi yale maandishi tu ambayo mchezaji amewahi kuyaona, hata kama aliyaona katika mzunguko uliopita, na husimama chenyewe kinapofika kwenye maandishi mapya. Programu, hata hivyo, huikumbuka sentensi kwa nafasi yake ndani ya hati ya mchezo. Maneno yenyewe hayahesabiwi. Mtunzi akinakili aya ileile kwenye matawi mawili, kwa programu, hizo ni aya mbili tofauti, na mchezaji aliyeisoma kwenye tawi la kwanza atasimamishwa tena kwenye tawi la pili na kusoma maneno anayoyajua. Tukio la mhifadhi kushuka ngazi kwenda ghala la chini linapatikana katika njia zote isipokuwa moja, na lilikuwa limenakiliwa katika kila njia. Wachezaji waliniandikia kwamba kitufe kimeharibika. Mmoja alisema kwa uchungu kwamba ameshuka ngazi zile mara nyingi kuliko mhifadhi mwenyewe.

Kurekebisha hilo ni kazi ya mchana mmoja: tukio linaandikwa mara moja, na matawi yote yanaliita. Hata hivyo, kabla sijaandika upya, nilisoma tena maoni yote yaliyokitaja kitufe hicho, na katikati ya manung'uniko nikakuta moja lililokwenda kinyume. Mchezaji alisema kwamba mahali alipoogopa kuliko pote ni katika mzunguko wake wa tatu, kitufe kiliposimama ghafla kwenye chumba alichokuwa na hakika kwamba amekisoma chote. Hakujua ni sentensi ipi iliyobadilika. Alirudi nyuma, akasoma mstari kwa mstari, na kwa muda huo wote, alisema, alihisi kama kuna mtu amepita chumbani wakati yeye ameangalia kando. Kilichomsimamisha ni nakala ya pili ya maandishi yaleyale. Hakuna chochote kilichokuwa kimebadilika.

Nilikaa na maoni hayo kwa muda mrefu, kwa sababu yalionyesha kwamba kurudia kunaweza kuzaa hofu ya aina yake. Anayesoma mara ya kwanza huogopa asichokijua. Anayerudia ana ujuzi, na ujuzi huo ndio unaoweza kutikiswa. Anapokimbiza maandishi ameiachia mashine kazi ya kusoma, amelegea, anasubiri kufikishwa mbele; na mashine inaposimama, inamwambia jambo ambalo mwandishi hawezi kulisema kwa maneno, kwamba hapa pana kitu ambacho hukuwahi kukiona. Katika toleo lililofuata niliunganisha matukio yote yaliyonakiliwa ili kitufe kipite bila kukwama, kisha nikachagua sehemu chache sana na kubadilisha ndani yake sentensi moja tu. Katika chumba cha rafu, mzunguko wa kwanza unasema: "Rafu ya nne ilikuwa tupu." Kuanzia mzunguko wa tatu, kwa mchezaji aliyewahi kuufikia mwisho wa kutoka salama, inasema: "Rafu ya nne haikuwa tupu," na hadithi inaendelea bila maelezo zaidi. Hakuna sauti ya ghafla wala picha. Kitufe kinasimama tu.

Maoni kuhusu badiliko hilo yaligawanyika kwa namna iliyonifurahisha. Wapo waliosema lilikuwa tukio baya kuliko yote mchezoni. Wapo ambao hawakuliona kabisa, kwa kuwa kitufe kiliposimama walibonyeza tena bila kusoma, na hao siwalaumu. Na lilikuja kundi la watu waungwana walioniletea taarifa ya hitilafu, wakiniarifu kwa adabu kwamba sentensi moja kwenye chumba cha rafu inajigeuza. Taarifa hizo sijazijibu.

Njia nyingine, ambayo ni ya kijasiri zaidi, ni kuyafanya marudio yenyewe kuwa hadithi. Slay the Princess, mchezo wa Black Tabby Games uliotoka Oktoba 2023, umejengwa hivyo: mchezaji hufa, hurudi kwenye njia ileile msituni, na binti mfalme anayemkuta kila mara amegeuzwa na yale aliyotendewa kabla. Hapo mchezaji hana sababu ya kulalamika kwamba amerudishwa mwanzo, kwa kuwa kurudishwa ndiko kunakotisha. Mpangilio wa namna hiyo lazima uwepo tangu sentensi ya kwanza. Hauwezi kupachikwa juu ya hadithi iliyokwisha kuandikwa, na wachezaji walioniomba nifanye hivyo walikuwa wakiniomba mchezo mwingine.

Jambo la pili lililojirudia katika maoni ni kwamba machaguo hayana uzito. "Nilichagua kutofungua mlango," aliandika mmoja, "na bado ulifunguka." Hesabu inaeleza kwa nini watunzi hufanya hivi. Machaguo kumi yenye pande mbili kila moja, kama kila upande ungebaki na hadithi yake, yangezaa njia 1,024, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeandika njia 1,024. Kwa hiyo matawi huachana kidogo na kukutana tena mbele, huku mchezo ukihifadhi alama ya ndani inayokumbuka ulichochagua, ili itumike baadaye. Mchezaji haioni alama hiyo. Anachokiona ni kwamba alikataa na bado akapelekwa.

Hapa nina msimamo ambao baadhi ya wachezaji wangu hawaukubali. Katika hadithi ya kutisha, chaguo lisilozuia kitu si lazima liwe udanganyifu, maana kukosa uwezo ni sehemu ya hofu, na mhifadhi anayekataa kufungua mlango unaofunguka wenyewe amepata jambo ambalo anayeufungua kwa hiari hawezi kulipata. Lakini kuna sharti. Maandishi yanayofuata lazima yaonyeshe kwamba yamesikia kukataa kwake. Niliporudi kwenye tukio hilo nilikuta kwamba baada ya mlango kufunguka, njia zote mbili zilikutana kwenye sentensi moja isiyojua kama mchezaji alikubali au alikataa, na hapo ndipo mchezaji alipojiona kapuuzwa. Niliongeza mistari michache kwa waliokataa, ambamo sauti kwenye kanda inasema ilijua kwamba angekataa. Mlango unafunguka vilevile. Malalamiko juu ya mlango huo yalikoma, na wapo walioanza kuutaja kama sehemu wanayoipenda.

Hilo lilinizoeza kutenganisha mambo mawili ndani ya kila maoni: mahali mchezaji alipoumia, na dawa anayoipendekeza. Mahali huwa ni pa kweli karibu kila mara. Dawa ni habari nyingine. Kwa mfano, wengi waliniomba niongeze vishtuko vya ghafla katika ghala la chini, kelele au sura inayojitokeza, kwa sababu sehemu hiyo ilikuwa baridi. Ni kweli ilikuwa baridi, ila sababu yake ilikuwa muziki: wimbo mmoja wa polepole ulioanza kwenye ngazi uliendelea kupigwa ghalani bila kubadilika, na mchezaji alikwisha kujifunza, bila kujua kwamba amejifunza, kwamba muziki huo ukipigwa hakuna kinachotokea. Niliuondoa muziki, nikaacha mvumo wa mashine ya kanda peke yake, na hakuna aliyeomba tena vishtuko.

Chanzo cha taarifa ninachokiamini kuliko yote, hata kuliko maneno, ni mahali mchezaji alipohifadhi mchezo. Baadhi ya wanaonisaidia kujaribu matoleo mapya hunitumia picha ya ukurasa wa nafasi zao za kuhifadhi, ambao huonyesha kila tukio walipoweka alama ya kurudi. Mtu huhifadhi anapohisi hatari. Ukitazama kurasa hizo kadhaa kwa pamoja unapata mchoro wa hofu ambao hakuna dodoso linaloweza kuutoa: nafasi zimerundikana mbele ya chumba cha kusikilizia, ambako mimi sikuwa nimekusudia lolote, na hakuna hata moja mbele ya simu inayolia, ambayo niliiandika nikidhani ni kilele cha sura nzima. Hakuna aliyeniandikia kwamba simu haitishi. Walipita tu bila kuhifadhi.

Suala la kurudi nyuma linafanana na hilo. Ren'Py humruhusu mchezaji kurudisha maandishi nyuma kwa kuzungusha gurudumu la kipanya, na akirudi hadi kwenye chaguo anaweza kulibadilisha. Mtunzi anaweza kuzuia jambo hilo mahali anapotaka. Wapo watunzi wa michezo ya kutisha wanaolizuia kila mahali ili uamuzi uwe na uzito, na wachezaji huwachukia kwa haki, kwa sababu mtu aliyebonyeza kwa bahati mbaya, au aliyekosa sentensi kwa kupiga chafya, anaadhibiwa pamoja na aliyejutia uamuzi wake. Mimi nimezuia mahali pamoja tu, baada ya kanda ya mwisho kukatwa, na hata hapo maandishi yanaonya kabla.

Kuhusu maonyo sina mengi, maana jambo lenyewe halina utata mkubwa. Doki Doki Literature Club!, uliotoka bila malipo mwaka 2017 na kuwashtua watu kwa sura yake ya hadithi nyepesi ya wanafunzi, ulimwambia mchezaji tangu mwanzo kwamba haufai kwa watoto wala kwa wanaosumbuka kwa urahisi, na bado uliwashtua. Toleo lake lililopanuliwa la mwaka 2021 liliongeza uwezo wa kuwasha maonyo ya kina. Hii inatosha kujibu hoja ya watunzi wenzangu kwamba onyo huua mshangao. Onyo linasema kuna nini; halisemi wapi wala kwa nini. Taa zinazomweka ni suala jingine, kwa sababu zinaweza kumdhuru mtu kimwili: miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa maudhui ya mtandaoni inataka mwanga usimweke zaidi ya mara tatu katika sekunde moja, na mchezaji aliyeniandikia kuhusu taa ya korido alikuwa akizungumzia afya yake. Taa ile ilibadilishwa siku ileile.

Narudi kwenye miisho, maana ndiko mabishano makali yalikobaki. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu waliweka mkono ndani ya maji baridi ya nyuzi 14 za Selsiasi kwa sekunde 60, na wakati mwingine wakaweka mkono kwenye maji hayohayo kwa sekunde 60, kisha wakaendelea kwa sekunde 30 zaidi huku maji yakipashwa polepole hadi nyuzi 15. Walipoulizwa lipi wangekubali kulirudia, wengi walichagua lile refu, ambalo kwa hesabu lilikuwa na maumivu zaidi, kwa sababu lilimalizika kwa unafuu kidogo. Kumbukumbu hupima mambo kwa kilele chake na kwa mwisho wake, na urefu wake hauhesabiwi sana.

Mchezo wenye mwisho mmoja unaweza kulipanga hilo. Wenye miisho mitano unampa mchezaji miisho mitano ya kumbukumbu, kwa mpangilio ambao mtunzi hakuuchagua. Katika maoni niliyonayo, waliomalizia na mwisho wa kutoka salama waliuita mchezo mzima mpole, hata wale waliokwisha kupitia mwisho mbaya kabisa kabla yake. Waliomalizia na ule wa kujua kila kitu walisema ni mkatili. Mchezo ni uleule, kanda ni zilezile. Kwa hiyo sasa, pamoja na kuuliza mchezaji alianza na mwisho upi, ninauliza ni upi aliouona wa mwisho, na alama anayonipa naisoma kama alama ya huo kwanza.

Tovuti za kuuzia michezo hazisaidii sana katika hili. Kwenye Steam hukumu ni kidole gumba juu au chini pamoja na saa alizocheza mtu. Saa hizo hunifaa, kwa kuwa aliyecheza muda mfupi kwa hakika ameona mwisho mmoja, lakini hazisemi ni upi. Huko pia mnunuzi anaweza kurudishiwa fedha zake akiomba ndani ya siku 14 na akiwa hajafikisha saa mbili za kucheza, na mchezo wangu unaweza kumalizwa mara moja ndani ya muda huo. Mtu wa namna hiyo ameondoka na mwisho mmoja, na kwake huo ndio hadithi yote. Takwimu za beji, zinazoonyesha ni sehemu gani ya wachezaji wameufikia kila mwisho, zinaniambia kwamba watu hawa ndio walio wengi na ndio wasioandika chochote. Wanaoniandikia barua ndefu ni wale waliobaki.

Ndiyo maana nilibadilisha majina ya miisho. Hapo awali skrini ya mwisho iliandika "Mwisho Mbaya wa Kwanza" au "Mwisho wa Kweli", kama ilivyo desturi. Majina hayo yalikuwa yakimwambia mchezaji wa mara moja kwamba alichosoma ni kosa au ni nusu, na yakimfanya wa mara tano akimbilie ule wa kweli kama mtu anayekusanya stakabadhi. Sasa kila mwisho una jina la kanda iliyouzaa na tarehe iliyoandikwa juu ya kanda hiyo, bila cheo. Wapo waliolalamika kwamba sasa hawajui kama wameshinda. Nimewajibu kwamba mhifadhi naye hajui.

Limebaki ombi moja ambalo huja kila wiki kwa maneno tofauti: mwisho wa sita, ambamo mhifadhi anajua kila kitu na anatoka. Wanaoliomba si wavivu wala si waoga. Wengi wao wamemaliza miisho yote mitano na wanamjali mhusika kwa kiasi ambacho mwandishi yeyote angekionea fahari. Nimelifikiria kwa uzito, nikaandika hata kurasa zake za kwanza, na nimeamua kutouweka, kwa sababu mwisho huo ungeigeuza mingine yote kuwa vituo vya kupitia, na yule aliyecheza mara moja akatoka salama bila kujua lolote angekuwa amepewa hadithi yenye kasoro. Nilichowapa ni kidogo zaidi. Aliyeifikia miisho yote mitano, akianzisha mchezo tena, atakuta kanda ya kwanza inaanza kwa kusema idadi sahihi ya mara alizomsikiliza mhifadhi, kisha inamwomba asibonyeze kitufe cha kuruka. Wapo wanaotii na wapo wasiotii, na kwa wasiotii kitufe hufanya kazi yake kama kawaida, hadi rafu ya nne.